Kasoro ya Kiwandani Isimwangukie Mnunuzi

Gari ikizimika njiani, sisi wa visiwani hatukosi wa kumlaumu. Huwa ni dereva asiyejali, au fundi aliyebabaisha, au mafuta yaliyotiwa maji. Aghalabu hatumfikirii yule aliyeiunda gari yenyewe, kwa kuwa yuko ng'ambo ya bahari na jina lake limeandikwa kwa herufi za kung'aa. Leo napenda tulizungumze jambo hili, kwani yaliyotokea Marekani mwaka 2014 yanamhusu kila mwenye ufunguo wa gari mfukoni, na kila mtumishi wa Serikali mwenye muhuri wa kuiruhusu gari kutoka bandarini.

Mwaka huo kampuni ya General Motors ilitangaza kuzirejesha gari zake zipatazo milioni 2.6, zikiwamo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, ili zibadilishwe swichi ya kuwashia. Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kumchekesha mtu. Ndani ya swichi hiyo mna kijipini na springi vinavyouzuia ufunguo usizunguke ovyo. Vilikuwa vifupi na dhaifu. Mkufu wa funguo ukiwa mzito, au goti la dereva likiugusa, au gari ikitumbukia shimoni, ufunguo uliweza kurudi nyuma wenyewe. Hapo injini huzimika gari ikiwa mwendoni. Usukani huwa mgumu, breki hukosa msaada wa injini na, baya zaidi, mifuko ya hewa iliyowekwa kumkinga mtu haifunguki gari inapogonga. Hazina ya fidia iliyoanzishwa na kampuni hiyo, chini ya usimamizi wa mwanasheria Kenneth Feinberg, ilikubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275.

Lau kampuni haikujua, tungesema ni ajali. Lakini dalili zilionekana mapema. Mwaka 2005 wahandisi wake walipendekeza njia za kurekebisha, zikakataliwa kwa hoja ya gharama na muda, ingawa nyongeza ya bei ya kifaa haikufika dola moja. Badala yake wauzaji walielekezwa wawashauri wateja wapunguze vitu kwenye mikufu yao. Yaani mtu aliyelipa maelfu ya dola aliambiwa auondoe ufunguo wa nyumba yake ili gari isimzimikie njiani.

Mwaka 2006 mhandisi mmoja aliidhinisha swichi yenye springi ndefu na imara zaidi, ila namba ya spea haikubadilishwa. Hapa naomba tusimame kidogo. Fundi yeyote, awe wa Unguja au wa Pemba, anaijua spea kwa namba yake. Ndiyo anayoiandika katika kipande cha karatasi anapomtuma mtoto dukani. Sasa spea nzima na spea mbovu zilibeba namba moja. Wachunguzi wa kampuni yenyewe walihangaika miaka mingi wasifahamu kwa nini gari za miaka ya mbele hazina maradhi ya zile za nyuma. Siri ilifichuka kwa kesi ya wazazi waliofiwa na binti yao katika jimbo la Georgia. Mtaalamu wa upande wao alinunua swichi mpya, akaifungua pamoja na ile ya zamani, akazipima. Hazikuwa sawa.

Na mamlaka ya Serikali yao iliyopewa dhamana ya usalama barabarani ilikuwa wapi? Mwaka 2007 ofisini humo lilitolewa pendekezo la kuchunguza kwa nini mifuko ya hewa haifunguki. Likaamuliwa kwamba hakuna sababu ya kutosha.

Fauka ya hayo, kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2009, na Serikali ya Marekani ikawa mwenye hisa nyingi zaidi. Hisa za mwisho iliziuza Desemba 2013. Kwa hiyo, miaka ile majalada yalipokuwa yamelala makabatini, mwenye mali alikuwa umma. Sisi tuliolelewa katika Chama tunapenda kudhani kwamba mali ikiwa ya umma uadilifu huja wenyewe. Nami nilikuwa miongoni mwa wanaodhani hivyo.

Adhabu zilitolewa: faini ya dola milioni 35 mwaka 2014, na dola milioni 900 mwaka 2015. Wafanyakazi 15 waliachishwa kazi, hakuna aliyefungwa. Ama wenye gari, barua ziliwafikia kabla ya spea. Wakasubiri miezi, wakiambiwa waendeshe kwa ufunguo mtupu.

Gari hizo hapa kwetu hatuzioni. Zetu nyingi huja zimekwishatumika Japani, na barua ya kiwanda huenda kwa mwenyewe wa kwanza, huko huko. Mfano ulio karibu nasi ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyotiwa katika gari nyingi za Kijapani na kusababisha mamilioni kwa mamilioni kuitwa virudi kurekebishwa. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu! Nani atatupita kwa hivyo viwili?

Mimi mwenyewe nilimwomba kijana wangu aitafute namba ya chesisi ya gari yangu katika mtandao wa kiwanda. Jibu lilikuja kwa Kijapani, akalifasiri kwa simu: gari iliitwa, haikupelekwa. Nilipokwenda kwa wakala mmoja mjini, nikajibiwa kwa adabu kwamba wao hawakuniuzia gari hiyo. Ni kweli, hawakuniuzia. Lakini hatari ninayo mimi, pamoja na wajukuu ninaowapeleka madrasa.

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya. Kabla gari haijapakiwa melini, muuzaji wa kule aoneshe kwa namba ya chesisi kwamba kila wito wa kiwanda umetekelezwa, kwani huko kazi hiyo hufanywa bure. Katika fomu niliyojaza mimi kulikuwa na nafasi ya rangi ya gari. Ya jambo hili haikuwamo. Ofisa niliyemwonyesha ile karatasi ya Kijapani aliitazama kwa muda, akatoa simu yake, akaniuliza ni wapi hasa namba huandikwa.