Binti wa Mikese na Herufi za Saratani

Mwezi huu tumeletewa barua na mzee mmoja wa Mikese, kijiji kilicho kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam, kabla msafiri hajaufikia mji wa Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa mbele ya macho yake. Mzee huyo ni mjomba. Na katika mila ya Waluguru, ambao ukoo wao hufuatwa kwa mama, mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Aeleza kwamba mpwa wake wa kike amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia, na amefaulu. Posa nayo imekwisha kuja. Lakini binti asema ataka kwenda chuoni, tena si kujifunza udaktari wala uuguzi, kazi ambazo mjomba angalizifahamu, bali kusoma kile akiitacho "herufi za saratani". Mjomba atuuliza: hiyo ni kazi gani? Na je, si kuingilia maumbile aliyoyapanga Mwenyezi Mungu?

Hatukuona vema kumjibu kwa mistari miwili, kwa kuwa mwishoni mwa barua ameandika, kama mtu akumbukaye jambo dogo, kwamba bibi yake binti huyo, yaani mama mzazi wa mjomba mwenyewe, alifariki kwa saratani ya umio. Kwanza ugali ulimkataa, kisha uji, kisha maji. Na mjukuu ndiye aliyekuwa akimshikia kikombe. Twadhani mjomba amekwisha kujijibu nusu ya swali lake pasipo kujua.

Basi kazi yenyewe ni hii. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, na ndani ya karibu kila seli mna maandishi yaliyopangwa kwa herufi nne tu, lakini idadi yake katika nakala moja yakaribia bilioni 3. Maandishi hayo kwa jumla huitwa jenomu. Wataalamu wa mataifa kadhaa walianza mradi wa kuyasoma mwaka 1990 wakatangaza kuwa wamemaliza mwaka 2003, ingawa vipande vya mwisho vilingoja hadi 2022. Seli igawanyikapo huyanakili maandishi yote, na katika kunakili hukosea. Makosa mengi hayadhuru. Lakini kosa liangukapo mahali paamuapo seli izaane au itulie, na makosa mengine yakaongezeka juu yake, seli huasi, na uasi huo ndio saratani.

Mtaalamu wa jenomu hupokea kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, pamoja na damu ya mgonjwa yule yule. Damu humpa maandishi ya asili. Uvimbe humpa maandishi yaliyoharibika. Huyasoma yote mawili kwa mashine, kisha huyalinganisha, kama mwalimu wa chuo cha Kurani alinganishavyo ubao wa mwanafunzi na msahafu. Siku zake nyingi hupita mbele ya kompyuta. Si kazi ya kupendeza macho, na atakayeiendea kwa kutaka sifa atachoka mapema.

Asidhani mjomba kwamba habari hii ni ya ugenini. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hivi, wakapita na Tanganyika, wakiuliza hospitali hata hospitali: je, mnaujua uvimbe huu? Wakaona kwamba wakaa nchi za joto na mvua, wala haupandi kwenye baridi ya milimani. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikuta virusi ndani ya seli zake, na mwaka 1976 ikajulikana kwamba katika uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 huwa kimehamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14.

Ama saratani ya umio, iliyomchukua bibi yetu wa Mikese, ni fumbo lisilofumbuliwa bado. Yaua wengi katika ukanda utokao Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hata Afrika Kusini. Ilhali nchi nyingine haionekani sana. Kwa nini? Watafiti walikusanya jenomu za uvimbe 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwamo, wakatoa matokeo mwaka 2021. Yapasa kueleza walichotazamia. Moshi wa tumbaku huacha alama yake katika herufi, na jua kali huacha yake. Basi walitumaini kwamba penye ugonjwa mwingi wataona alama ya pekee ya kisababishi. Hawakuiona. Alama zilifanana mno katika nchi zote nane, na nyingi zilitokana na vimeng'enya vya mwili wenyewe.

Wako wasemao kwamba huko ni kushindwa. Sisi hatusemi hivyo. Kama kisababishi hakiandiki jina lake, basi huenda kinadhuru kwa njia nyingine, kwa mfano kuunguza na kujeruhi mara kwa mara hata seli zikalazimika kuzaana bila kupumzika. Mkoani Kilimanjaro watafiti walipima joto la chai, wakakuta watu huanza kuinywa ikiwa imezidi nyuzi 65. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka vinywaji vya moto kupita kiasi hicho katika kundi la vitu ambavyo yumkini huleta saratani. Yumkini, twasema, neno hilo lisiachwe. Hata hivyo kungoja chai ipoe hakugharimu kitu.

Sasa swali la pili. Fatwa twawaachia masheikh. Tutakalosema ni kwamba kazi aliyoitaja binti ni kusoma, na kusoma si kugeuza. Zipo elimu nyingine zigeuzazo herufi, nazo zina mjadala wake. Tena hapa Tanzania utafiti wa namna hii hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mgonjwa huelezwa kwa lugha aijuayo, akatia sahihi au dole gumba, na ana haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Na faida? Mwaka 1983 Harald zur Hausen, Mjerumani, aliripoti kukuta vinasaba vya virusi fulani ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Kutoka huko ilizaliwa chanjo, ambayo tangu 2018 hutolewa kwa wasichana nchini mwetu kote. Huenda katika nyumba ya mjomba yuko aliyekwisha kuchanjwa.

Kuna jambo moja ambalo mjomba hakuliuliza. Uvimbe uliotolewa katika ukanda wetu ulisomwa herufi zake Uingereza, karibu na Cambridge. Hatulaumu, mashine zilikuwa huko. Lakini asomaye Cambridge hajui jinsi chai inywewavyo Mikese alfajiri, wala kuni zipikiazo ndani ya nyumba, wala hakumshikia mtu kikombe. Maswali mengine hayamjii ila aliyeyaona.

Njia ni ndefu, hatutamficha. Digrii ya kwanza ni miaka mitatu au zaidi, kisha ya pili, kisha uzamivu. Ni kama miaka kumi kwa jumla, na fedha za masomo hutafutwa kwa taabu. Juu ya posa, twamwomba mjomba asiifukuze wala asiikubali upesi. Kwanza akae na mpwa wake amsikilize, kisha amwulize mposaji kama yu tayari kuoa mwanafunzi. Wapo vijana wakubalio. Na binti mwenyewe, akipenda, atuandikie. Barua yake tutaisoma.