"Leverage": maana yake na tafsiri yake kwa Kihispania

Neno la Kiingereza "leverage" ni nomino iliyoundwa kutokana na "lever", yaani wenzo: mtaimbo au gongo linaloegemezwa mahali ili nguvu ndogo iinue mzigo mkubwa. Asili yake ni Kifaransa, na nyuma zaidi kitenzi cha Kilatini "levare", kuinua. Waingereza hutamka silabi ya kwanza "lii", Wamarekani wengi "le", tahajia haibadiliki.

Mfasiri mwenye haraka huandika "ushawishi" kwa Kiswahili na "influencia" kwa Kihispania. Maana hiyo ipo karibu, ila kiini hupotea. Ushawishi hutokana na hadhi, hoja au mvuto, na anayeshawishiwa hukubali moyoni. "Leverage" haihitaji moyo wa mtu yeyote. Ni nguvu apatayo mtu kwa kuwa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji au anakiogopa, nayo hudumu kadiri hali hiyo inavyodumu. Mkulima ambaye nyanya zake zinaoza shambani huenda anaheshimiwa na soko zima, lakini mbele ya mnunuzi hana "leverage". Akipata chumba cha baridi cha kuzihifadhi anayo, ingawa hadhi yake ni ile ile.

Kihispania kina neno la wenzo, "palanca", na hapo ndipo mtego ulipo. Katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini, kusema kwamba mtu "tiene palanca" ni kusema ana mkubwa wa kumbeba: kazi, zabuni au nafasi ya masomo ameipata kwa kujuana. (Huko Hispania jambo hilo huitwa "enchufe", neno lile lile la plagi ya umeme.) Chukua sentensi ya Kiingereza "She had leverage in the talks". Ikitafsiriwa "Tenía palanca en las negociaciones", msomaji wa Bogotá au Quito anaweza kuelewa kwamba mwanamke huyo alikuwa na watu wake ndani. Mtu aliyesifiwa kwa nguvu yake halali ametiwa doa la upendeleo, na hakuna neno hata moja katika sentensi ambalo kamusi ingelikataa.

Tafsiri salama hutaja aina ya nguvu inayohusika. Katika mazungumzo ya mkataba, "poder de negociación" hutosha. Palipo na mgomo, vikwazo au tishio, "capacidad de presión" ni sahihi zaidi: "La huelga dio a los trabajadores capacidad de presión", yaani mgomo uliwapa wafanyakazi nguvu ya kushinikiza. Sentensi ya kukanusha huhitaji kuvunjwa kabisa. "They have no leverage over him" huwa "No tienen con qué presionarlo". Kwa Kiswahili, hawana cha kumbana nacho.

Kwa lugha ya mazungumzo, Kiswahili na Kihispania hukutana mahali pasipotarajiwa. Mswahili husema fulani ameshika mpini, na mwenzake ameshika makali. Mhispania husema fulani "tiene la sartén por el mango", ameshika kikaango kwa mpini wake. Picha zinafanana kiasi kwamba mfasiri anayetoka Kiswahili hadi Kihispania anaweza kubadilishana misemo hii bila hofu. Anayetoka kwenye "leverage" na awe mwangalifu zaidi: aliyeshika mpini ndiye mwenye kauli ya mwisho, ilhali mwenye "leverage" huenda ana kidogo tu, na upande wa pili nao una yake.

Katika fedha neno lina maana nyingine, na Kihispania kina istilahi yake: "apalancamiento". Ni kutumia mkopo ili kukuza uwekezaji. Mtu mwenye shilingi milioni 10 akikopa milioni 40 na kununua kiwanja cha milioni 50, bei ikipanda kwa asilimia 10 amepata milioni 5, nusu ya mtaji wake, kabla ya riba. Ikishuka kwa asilimia 20, mtaji wote umekwenda na deni limebaki. Hapa "influencia" ni kosa la wazi, na "ushawishi" vilevile. "Matumizi ya mkopo kukuza mtaji" ni maelezo marefu lakini yanaeleweka.

Kibaki kitenzi, ambacho ripoti za miradi hukipenda kupita kiasi. "Leveraging local knowledge" ni kutumia maarifa ya wenyeji, wala si zaidi: "aprovechar" au "valerse de". Anayeandika "apalancar" hapo akumbuke kwamba nchini Hispania, katika lugha ya mitaani, "apalancarse" ni kujibwaga kwenye kochi na kukataa kuondoka.