Sarafu Iliyopoteza Mahali Pake

Katika bustani za umma za Uingereza si ajabu kumwona mtu akitembea polepole, vipokea sauti masikioni, akipitisha juu ya nyasi fimbo yenye duara mwishoni. Anatafuta sarafu zilizodondoka mifukoni mwa watu, ziwe za juzi au za karne nyingi zilizopita. Ndani ya duara hilo mna koili ya waya inayotoa nguvu ya sumaku inayobadilika haraka. Nguvu hiyo ikikuta metali ardhini, umeme mdogo huzaliwa humo na kurudisha ishara, na mashine hulia. Fedha na shaba hulia vizuri. Kwa bahati mbaya, vipande vya alumini vya makopo ya soda navyo hulia, na mara nyingi mlio wake hufanana na wa pete ya dhahabu.

Naiona burudani hii kuwa ya heri kwa sharti moja: mahali sarafu ilipolala paandikwe kabla haijaingia mfukoni. Ushahidi tunao hapa kwetu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani lakini hazina mwaka. Dinari zina mwaka. Kwa kuwa zote zilikuwa fungu moja, dhahabu iliipa fedha umri wake, karne ya 11. Lau mtu angezichukua dinari akaziuza, tungebaki na majina ya watawala tusiojua waliishi lini. Linganisha na sarafu tano za shaba za Kilwa ambazo askari mmoja wa Australia aliziokota ufukweni, katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Alizihifadhi, na baadaye akaonyesha kwenye ramani alipozikuta, jambo la kushukuriwa sana. Hata hivyo hakuna aliyekagua mchanga ule siku ile, wala kilichokuwa kando yake, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko, na lini.

Wapo watakaosema bustani si magofu, na senti ya mwaka jana haina historia. Ni kweli kwa sarafu nyingi. Lakini mashine haisemi umri. Mchimbaji hajui amekuta nini mpaka ameshachimba, na bustani ya leo huenda zamani ilikuwa gulio au njia ya mahujaji. Hoja nyingine ina uzito zaidi: sarafu ikiachwa ardhini italiwa na kutu, na pengine hakuna mtaalamu atakayefika hapo kamwe. Naikubali. Mwaka 1992, kijijini Hoxne, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake shambani, akakuta dhahabu na fedha za Kirumi. Alipoona wingi wake aliacha kuchimba na kutoa taarifa. Wataalamu wakafukua sarafu karibu 15,000, tena wakaona jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku. Lawes alilipwa vizuri, na fidia hiyo akaigawana na mkulima. England na Wales zina mpango, ulioanza 1997, wa kuandikisha hata vitu vidogo visivyohesabiwa kisheria kuwa hazina, na umeshaandikisha zaidi ya vitu milioni 1, vingi vikiletwa na watafutaji wa kawaida.

Basi ndugu msomaji uliye Ulaya na umenunua mashine hii, omba kwanza kibali cha halmashauri yenye bustani, fukia kila shimo, na andika mahali na kina. Uliye Kilwa, Pemba au Lamu, kumbuka kwamba Tanzania na Kenya haziruhusu kuchimba vitu vya kale bila leseni. Ukiona sarafu imefichuliwa na mvua, usiendelee kufukua. Piga picha, weka alama, uwaite watu wa Mambo ya Kale au wa makumbusho.