Bodi za Nyuzi za Mkonge: Uliza Gundi, Tazama Kingo

Mnunuzi wa Mahongole anayeambiwa kwamba bodi ya nyuzi za mkonge iliyoshikizwa kwa gundi ya mimea haiharibiki hana budi kuuliza: gundi ipi? Gundi ya wanga hulainika ikilowa. Gundi ya tanini, itokayo katika magome ya miwati kama ile ya Njombe, hustahimili unyevu vizuri zaidi, mradi imekaushwa kwa joto na kigumishi chake.

Lakini gundi imara haizuii nyuzi kunywa maji. Huvimba, husinyaa zikikauka, na hali hiyo ikijirudia gundi huachia na kuvu huota. Maji huanza kuingia pale fundi alipokata au kutoboa. Kwa hiyo tunashauri kingo na matundu yote yapakwe rangi ya mafuta kabla ya kufunga. Darini sebuleni bodi hizi zafaa. Ukuta wa nje, unaopigwa na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, hatuupendekezi.

Kabla ya kulipa, omba kipande, kipime unene, kiloweke usiku kucha, kisha kikaushe na kukipima tena. Kikibaki kimevimba au kikiachana matabaka, usinunue. Na dhamana inayotajwa kwa mdomo iandikwe kwenye risiti.