Ningu alimalizwa mdomoni mwa mto

Ukiuliza ni nani aliyewamaliza samaki wa asili wa Ziwa Victoria, wengi watamtaja mbuta. Kwa ningu, mmoja wa samaki hao, mshtakiwa huyo amefika baada ya tukio. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na kushamiri miaka ya 1980, ilhali mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alikuwa tayari anaandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyodorora katika Mto Nzoia.

Kilichomponza ni safari yake. Ningu huishi ziwani, kisha mvua zikijaza mito hupanda kwa makundi kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurikwa. Samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki hufa wakishataga. Ningu hurudi ziwani na aweza kupanda tena. Jike mmoja aliyenusurika ni vizazi kadhaa. Nyavu za kutega, zilizoingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, zilitandazwa kwenye midomo ya mito na kumnasa akiwa na mayai tele, kabla hajataga hata moja. Mvuvi wa mtoni akabaki anategua migono mitupu.

Chebunyo, huku Chepalungu, Bomet, kwenye ng'ombe na kiu ya kiangazi, ningu si habari ya kila siku. Lakini maji ya Bomet humfikia. Mto Kipsonoi huishia Sondu-Miriu. Nyangores huungana na Amala kuwa Mara, unaoingia ziwani upande wa Tanzania. Mwaka 2001 serikali ilipunguza eneo la Msitu wa Mau, mito hii inakoanzia, kwa maelfu ya hekta. Msitu ukipungua, mvua hutiririka juu juu: mto hufura ghafla, ukabeba udongo, kisha ukashuka upesi. Mayai yaliyotagwa ukingoni hufunikwa na tope au huachwa pakavu. Huko Sondu-Miriu, tangu 2008 mitambo ya megawati 60 huvuta maji kupitia handaki, na kipande cha mto kilichorukwa hupungukiwa.

Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Ningu angefaa kufungiwa midomo ya mito pia, ila kwa tarehe zinazofuata mvua. Ikinyesha Mau mwezi Machi, Aprili ni kuchelewa.