Istilahi za Multimita Isemayo

Istilahi nyingi tunazozijadili katika kurasa za namna hii ni za kusomwa. Mfasiri huziona karatasini, mwalimu huziandika ubaoni. Safari hii tunapenda kuzungumzia istilahi ambazo mtumiaji wake hatazisoma kamwe, bali atazisikia tu, tena akiwa ameshika waya mikononi.

Tumchukue, kwa mfano, fundi asiyeona aliyeko Kilimatinde, wilayani Manyoni. Ameletewa betri ya umeme wa jua inayokwisha nguvu mapema usiku. Fundi anayeona angetazama kioo cha multimita. Huyu anahitaji multimita itamkayo kipimo kwa sauti. Vyombo vya kupimia kwa kusikia si jambo geni. Huko San Francisco, Marekani, taasisi ya Smith-Kettlewell ilitoa jarida la kiufundi kwa mafundi wasioona kuanzia 1980 hadi 1998. Katika vyombo vya aina moja, fundi huzungusha kitufe chenye alama za nukta nundu mpaka mlio upotee, kisha husoma alama kwa kidole. Vya siku hizi hutamka tarakimu zenyewe. Lakini vile tunavyovijua sisi hutamka lugha za kigeni. Je, vikitamka Kiswahili, viseme nini?

Kwanza ni jina la chombo. Mafundi wetu wana neno "testa", lakini wengi humaanisha bisibisi yenye taa ndogo, ambayo haimfai asiyeona. "Kipimaumeme" lingeweza kuchanganywa na mita ya LUKU, inayohesabu umeme uliotumika. Kwa hiyo twaona yafaa kusema "multimita isemayo".

Pili ni mpangilio wa maneno. Kiswahili hutanguliza kitu kinachohesabiwa: shilingi mia mbili, kilo tano, saa sita. Mtengenezaji akifuata mpangilio wa Kiingereza, chombo kitasema "mbili volti", na sikio litasikia "milivolti", ambayo ni sehemu moja ya elfu ya volti. Karatasini maneno hayo hayafanani hata kidogo. Katika karakana yenye kelele yanakaribia kuwa neno moja. Basi kipimo kitangulie, idadi ifuate: "volti mbili".

Tatu ni nukta. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzishwa, huwa na volti 12.6 hivi, ikishuka hadi 11.8 huwa karibu tupu. Tofauti yote hiyo haifiki volti moja, kwa hiyo tarakimu iliyo nyuma ya nukta ndiyo yenye habari. Chombo kiseme "volti kumi na mbili nukta sita", na panapokuwa pungufu ya moja, "sifuri nukta sita", wala kisianzie kwenye nukta. Aidha, kwa kuwa "sita" na "tisa" huchanganywa kwa urahisi, kitufe cha kurudia tamko ni cha lazima.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni sifuri. Katika kupima volti, sifuri ni habari kwamba hapana umeme kati ya ncha mbili. Katika kupima ukinzani, sifuri ni habari kwamba njia ni nzima. Tena, swichi ikiachwa kwenye mkondo mnyoofu, na waya ukawa na mkondo geu wa nyumbani wa volti 230, multimita huonyesha karibu sifuri. Anayeona hutupia jicho swichi na kugundua kosa lake. Asiyeona akiambiwa "sifuri" tu, aweza kuugusa waya uuao. Kwa hiyo kila tamko litaje aina ya mkondo kabla ya kipimo.

Kwa maoni yetu, matamko yafuatayo yafaa kufikiriwa:

"Mkondo geu, volti mia mbili thelathini": kipimo cha umeme wa nyumbani.

"Mkondo mnyoofu, volti sifuri": hapana umeme wa aina hiyo, aina nyingine haijapimwa.

"Omu sifuri, njia nzima": umeme waweza kupita.

"Njia imekatika": ukinzani umepita uwezo wa chombo kupima.

"Volti zimezidi": volti zimepita kiwango kilichochaguliwa.

Yafaa kuangalia kwamba katika kioo cha multimita hali hizi mbili za mwisho kwa kawaida huonyeshwa kwa alama moja. Mfasiri atakayeifasiri alama hiyo kwa neno moja atakuwa mwaminifu kwa kioo, lakini atakuwa amempotosha msikilizaji.

Twawaomba wafasiri na walimu wayajaribu matamko haya kwa sauti, mbele ya mafundi wasioona, kabla ya kuyapitisha. Istilahi ya kusikiwa haina budi kupimwa na masikio ya wale watakaoitegemea.