Ufugaji wa Kanga, Kuanzia Mount Druitt
Kanga ni ndege wa asili wa Afrika, mwenye manyoya ya madoadoa meupe. Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, nyumba zimekaribiana, na kanuni za New South Wales hutaka kanga, kama kuku, wakae angalau mita 4.5 kutoka makazi ya watu. Halmashauri yaweza kuongeza umbali huo. Shida hasa ni kelele: mgeni, mbwa au mwewe akitokea, kundi zima hupiga ukelele. Mahali pao hasa ni shambani, wanakookota kupe na panzi. Mayai huatamiwa siku 26 hadi 28. Vifaranga hutaka joto na pakavu. Wakilowa umande wa asubuhi, huweza kufa. Kanga wapya hufungiwa bandani wiki kadhaa ili wapazoee, la sivyo hutoroka.